Chuma cha Reli

Chuma chenyewe kilikuwa na urefu wa futi tatu hivi. Ubavuni kilishika kutu nyekundu, lakini mgongoni, pale nyundo ya Baba ilipotua kutwa kucha, kiling'aa hata mtoto akiinama aliona kivuli cha uso wake. Karibu kila fundi wa Kamukunji, Nairobi, alikuwa na kipande kama hicho. Ndicho kilikuwa fuawe yao, ingawa sikuwahi kusikia mtu pale akilitumia neno hilo. Walisema reli. "Leta hapa kwa reli." "Nani amesogeza reli yangu?"

Baba alitengeneza masanduku ya shule, yale ya bati ambayo mtoto anayekwenda bweni hubebeshwa yakiwa na jina lake kwa rangi nyeupe juu ya kifuniko. Alichora bati kwa msumari akifuata rula ya mbao, akalikata kwa mkasi, kisha akalilaza juu ya reli na kulikunja ukingo, kwanza kwa nyundo ya mbao, halafu ya chuma, hadi bati likalala mara mbili bila kupasuka. Ukikosa reli, ukingo haunyooki, na ukingo usiponyooka kifuniko hakikai. Baada ya hapo ni ribiti, bawaba, mahali pa kufuli na rangi. Msimu wa masanduku ulikuwa mmoja tu kwa mwaka, kuanzia baada ya Krismasi hadi shule zilipomaliza kupokea wanafunzi wa kidato cha kwanza. Miezi mingine alitengeneza karai na majiko, akapata ya unga. Kodi, karo na deni la dukani vilingoja Januari. Vibanda vya mafundi havikuwapo bado. Vilijengwa baada ya Rais Moi kuwatembelea mwaka 1985. Kabla ya hapo, wakisema wanafanya kazi ya jua kali, walikuwa wanalisema jua lenyewe.

Tuliishi Jericho, kwenye nyumba za Baraza la Jiji. Novemba 1981 Baba aliokoka, katika ushirika wa ndugu uliokutana kila Alhamisi jioni kwenye nyumba moja mtaa wa Jerusalem. Ndugu ni wale watu wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda na kuingia Kenya, hadi mwaka 1949 maelfu wakakusanyika Kabete kwa mkutano mmoja mkubwa. Watu wa mitaa yetu ya Eastlands waliwajua kwa salamu zao, kwa wimbo wao wa Kiganda wa Tukutendereza, na kwa jambo moja lililowatia watu wengi hofu: walirudisha vitu. Mtu akiokoka, alikwenda kwa jirani na sufuria aliyoiazima akaificha, au kwa mwajiri na sabuni ya miaka kumi iliyopita. Walikuwa na neno la mwenendo huo, kutembea nuruni. Katika ushirika ule alikuwamo mzee mwenye kovu refu shingoni. Alilipata wakati wa Hali ya Hatari kwa kukataa kula kiapo cha Mau Mau, na hakuwahi kulizungumzia hadi aulizwe. Baba alimheshimu sana mzee huyo.

Jumamosi ya kwanza ya Januari 1982 Baba aliniamsha kungali giza. Nilikuwa na miaka minane. Aliniita Mama, kwa kuwa nina jina la mama yake, na hadi leo hajawahi kuniita vinginevyo.

"Mama, nisindikize."

Tulitembea Jogoo Road yote, tukalipita Kanisa la Mtakatifu Stefano, tukashika Landhies Road hadi Kamukunji. Alikuwa amekodi mkokoteni. Aliiweka reli juu yake, akaifunika gunia, kisha akalitoa lile gunia, akalikunja na kuliacha kwa jirani yake wa kazi. Nilimuuliza kwa nini analitoa, hakujibu. Wenzake walikuwa wameshaanza kugonga. Januari Kamukunji ina mlio wake, mamia ya nyundo pamoja, mtu husikia hata akiwa Gikomba. Tulisukuma mkokoteni tukaingia tena Landhies Road, tukapinda pale City Stadium, tukaifuata Lusaka Road hadi kwenye yadi moja ya vyuma.

Karani alidhani tumekuja kuuza.

"Narudisha," Baba akasema. "Chuma hiki kilitoka humu usiku, miaka sita iliyopita. Nilikinunua nikijua."

Karani alifungua kitabu kirefu, akashusha kidole ukurasa baada ya ukurasa. Naikumbuka ile kucha. "Mzee," akasema, na sauti yake ilikuwa ya huruma kabisa, "hakimo kwenye vitabu vyetu. Hakuna aliyekitafuta. Rudi nacho ukafanye kazi."

"Kwangu kimo."

"Nani alikuuzia?"

"Nimekuja na dhambi yangu. Ya mwenzangu ataileta mwenyewe."

Miaka mingi baadaye Mama yangu aliniambia kwamba usiku wa kuamkia siku ile Baba alimwachia pesa za unga za wiki mbili, akamtajia ndugu wawili wa kuwaendea asiporudi. Alijua anaweza kufungwa. Hawakumfunga. Vijana wawili waliishusha reli, wakaitupa juu ya lundo la vyuma vingine, na mlio wake ukaniuma kama nimepigwa mimi. Tuliporudi, mkokoteni ulikuwa mwepesi mno, unarukaruka kwenye mashimo, na Baba aliusukuma bila kusema neno.

Jioni ile Mama alisema sentensi moja. Aliisema polepole, hana hasira, akiwa anachambua maharagwe. "Mungu angengoja hadi Machi."

Baba alikuwa ananawa mikono. Akainawa tena.

Nimeisikia hadithi hii ikisimuliwa kama ushuhuda, na wasimuliaji hupenda kuifupisha hapo, kisha wakaingiza baraka. Sitaki kufanya hivyo. Hakuna mtu aliyetuletea reli nyingine usiku. Januari ile yote Baba alifanya kazi kwa reli za wenzake, mchana walipokuwa wakila na jioni walipokuwa wakifunga vitu vyao, na pale wengine walipotoa masanduku sita kwa siku yeye alitoa moja, mara nyingine mawili. Alipata reli yake mwezi wa Aprili, akainunua dukani na kupewa risiti, msimu ukiwa umeshapita. Kaka yangu aliitwa kidato cha kwanza mwaka huohuo. Mwana wa fundi wa masanduku alikwenda shule ya bweni na katoni ya mafuta ya kupikia iliyofungwa kwa kamba ya katani.

Nilipompigia simu kumwomba ruhusa ya kuandika habari hii, Kaka alikaa kimya kidogo. "Andika," akasema. "Lakini andika pia kwamba mvua ilinyesha."

Ilinyesha kweli. Ilimkuta kituo cha mabasi ya mashambani, kabla hajapanda. Katoni ililowa ikapasuka chini, na vitu vyake, shuka na sabuni na madaftari, vikamwagika kwenye matope mbele ya wavulana wengine waliokalia masanduku yao. Huenda mawili matatu kati ya hayo Baba ndiye aliyeyagonga. Kaka anaamini, anasali, anawalea watoto wake kanisani. Ila hapendi aibu aliyoipata akiwa na miaka 13 igeuzwe kuwa utukufu wa familia, na mimi naona ana haki. Ibada ya kweli ya mtu mmoja hulipiwa na watu wa nyumba nzima, na wengine hawakuulizwa.

Kwa nini basi Baba hakungoja Machi? Nilimuuliza nikiwa sekondari, nikiwa na ukali wa umri ule. Aliniambia kwamba tangu aokoke alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri kuomba, na kwa wiki saba alikuwa anaomba kwa kuizunguka reli. Alimwambia Mungu habari za watoto, za kodi, za mguu wa bibi yangu. Reli ikimjia, alihamia jambo jingine. "Nilikuwa kama mtu anayefagia chumba bila kuinua mkeka," akasema. "Chumba kinaonekana safi. Lakini wewe unayefagia unajua, na unaanza kuuchukia ufagio."

Maneno hayo sikuyaelewa wakati ule. Niliyakariri tu.

Alhamisi Baba alinichukua kwenye ushirika, na njiani alinisomesha. Kitabu chake kilikuwa Luka, na ndani ya Luka sura ya 10, kwa sababu ambayo mtoto yeyote wa mitaa yetu angeielewa. Mle ndani mtu anatoka Yerusalemu kwenda Yeriko anavamiwa na wanyang'anyi. Sisi tulitoka Jerusalem kwenda Jericho kila Alhamisi saa mbili usiku, mwendo wa dakika chache, na wanyang'anyi tuliwajua hata kwa majina yao ya utani. Kwa muda mrefu niliamini kabisa kwamba Bwana Yesu alikuwa anazungumzia barabara yetu. Nilichagua hata mti ambao yule mtu aliangukia chini yake.

Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipoona jinsi sura ile ilivyopangwa. Hadithi ya barabarani haianzi barabarani. Inaanza na mwanasheria anayejua jibu, kwamba yapasa kumpenda Mungu kwa moyo wote na jirani kama nafsi, na analijibu vizuri. Halafu inakuja ile barabara, na wa kwanza kupita kando ni kuhani, mtu wa hekaluni. Sura inafungwa nyumbani kwa Martha, mama mchapakazi anayemhudumia Bwana hadi anakosa nafasi ya kumsikia, wakati dada yake Mariamu ameketi. Wahubiri huvigawa vipande hivi vitatu katika Jumapili tatu. Baba alivisoma pamoja kwa pumzi moja, na nadhani alifanya vyema. Mtu anaweza kulijua jibu la mwanasheria, akashika zamu ya kuhani, akachoka kwa uchovu wa Martha, na moyo wake bado haujafika.

Huyo nilikuwa mimi.

Niliolewa nikahamia Umoja, mtaa uliojengwa miaka ya 1970 kwa mkopo uliodhaminiwa na Marekani, na ambao sasa umeota maghorofa hadi nyumba za mwanzo hazionekani. Nilifanya kazi ya hesabu katika kampuni moja Eneo la Viwanda. Kufikia 2009 nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi ya kanisa letu. Jumatatu kamati. Jumanne mazoezi ya kwaya. Jumatano ibada ya katikati ya wiki, Alhamisi jumuiya ya nyumba kwa nyumba, Ijumaa kesha, Jumamosi harusi, mazishi au harambee, na Jumapili ibada zote mbili, kwa kuwa funguo za ofisi zilikuwa kwangu. Nilimsomea Baba ratiba hiyo siku alipokuja kututembelea. Alikuwa amekuja kwa matatu mbili na mkebe wa asali. Nilimsomea kwa furaha ya kweli, nikitaka aone kwamba binti yake hakuiacha njia.

Alisikiliza hadi mwisho. "Na wewe na Bwana mnaonana lini?"

"Baba, yote haya ni kazi yake."

"Sikuuliza kazi." Kisha akaomba chai nyingine, akawauliza wajukuu habari za shule, na jambo lile hakulirudia.

Usiku ule nilipiga magoti. Nilichokuta ni kwamba sikuwa na la kumwambia Mungu isipokuwa kumbukumbu za mkutano. Nilikuwa nampa ripoti. Na kila nilipojaribu kunyamaza mbele zake, zilinijia risiti tatu.

Risiti zenyewe zilikuwa za saruji na nondo. Mwaka uliotangulia zilikosekana wakati wa kukagua hesabu, na nikasema mbele ya kamati kwamba nilimkabidhi mama fulani aliyekuwa mweka hazina wetu. Niliamini hivyo niliposema. Mama yule alikana, watu wakanong'ona, akajiuzulu. Baada ya wiki tatu nilikuwa nabadilisha mkoba, nikazikuta chini kabisa ya bitana iliyopasuka, zimekunjwa mara nne. Nilizitazama. Hesabu ilikuwa imeshafungwa na wakaguzi wameshaipitisha kwa maelezo. Hakuna aliyezitafuta tena. Nikazirudisha palepale. Tulikuwa tunaimba sauti moja kwenye kwaya, mimi na yule mama, tumesimama bega kwa bega, na kwa mwaka mzima hatukusalimiana.

Sasa nilijua mkeka wangu uko wapi, nikafanya alivyotaka Mama. Nikangoja Machi. Kwanza nilisema harambee ipite, ili kazi ya Mungu isivurugike, na niliitumia sentensi hiyo kwa unyofu kabisa. Harambee ikapita. Nikasema Pasaka. Wakati huo niliongeza ibada, nikanunua kitabu cha mpango wa kusoma Biblia kwa mwaka mmoja, nikafunga siku tatu, nikaamka saa kumi. Vyote ni vyema, na sasa navifanya kwa raha. Ila mtu anaweza kufunga siku 40 akiwa ameukalia mkeka. Tunapohimizana kumtanguliza Mungu tunapenda kuzungumzia muda, dakika ngapi, sura ngapi, na matatu zetu zimejaa maandishi ya kumweka Mungu mbele. Muda ni muhimu, naamini hivyo. Lakini Baba alipoamua kumtanguliza Mungu, kilichotangulia mlangoni kilikuwa chuma cha futi tatu, na ndiyo maana asubuhi zake zilikuwa na uhai ambao zangu hazikuwa nao.

Nilizipeleka risiti Jumatatu moja ya Mei. Niliziweka mezani, nikasema zilikuwa wapi, na tangu lini najua. Mwenyekiti, mtu mpole, alisema maneno ambayo karibu yanikate miguu: mambo hayo yameisha, hayamo tena kwenye ajenda, tusifukue. Nilimwona karani wa yadi na kitabu chake. Nikamwambia kwamba nakwenda kwa mama yule leo hii, na kwamba kiti cha katibu nakiacha.

Alikuwa akiishi Kayole. Nilifika giza limeingia, taa za vibanda zimewashwa, watu wananunua sukuma wiki ya jioni. Alifungua mlango nusu. Nilisema yote nikiwa nimesimama nje, maana hakunikaribisha, na jirani alikuwa ananawisha mtoto ukumbini akisikia kila neno.

"Nimesikia," akasema. Akafunga mlango.

Ndivyo ilivyokuwa. Alihama kanisa mwaka uliofuata. Tulikutana mara moja soko la Burma, kwenye nyama, akanijulia hali na kuniuliza watoto, na nikashukuru kwa hilo. Kwenye kamati wengine waliona nimeliaibisha kanisa wakati wa kuchangisha. Jiwe la msingi lilipowekwa halikuwa na jina langu, na nilipolitazama moyo uliniuma, tena sana, na kwa maumivu hayo nikajua nilikuwa najenga nini miaka yote ile.

Usiku wa kutoka Kayole nilimpigia Baba. Nilimweleza kila kitu. Hakunisifu. Aliniuliza kama nimekula, kisha akaniuliza kesho nitaamka saa ngapi. Nikasema saa kumi na moja.

Kesho yake saa kumi na moja simu ililia mara moja ikakatika. Nilidhani ni dharura, nikampigia. "Mama, umeamka?" akauliza. Nikasema nimeamka. "Basi nisikuchukulie muda wake," akasema, akakata.

Sasa amepita miaka 80. Mama amepumzika, na Baba angali Jericho, nyumba ileile. Reli aliyonunua Aprili ile iko uani, imeshikilia mlango usipigwe na upepo. Macho yamefifia, husomewa Luka na mjukuu. Namba yangu anaijua kwa kidole, hahitaji kuitazama. Kungali giza huku Umoja, makanga wa kwanza hawajaanza kuita abiria, maji yanatiririka kwenye tangi la ghorofa ya jirani, na simu iliyo kando ya kitanda inalia mara moja, kisha inanyamaza.